Kufyonza Vumbi Hombo: Mashine Ipi, kwa Vumbi Lipi

Katika depo ya madini, kifaa kibaya kuliko vyote ni ufagio mkavu. Unakusanya mchanga unaoonekana na kurusha hewani ule usioonekana, na huo usioonekana ndio unaoshuka hadi chini kabisa kwenye mapafu. Anayefagia asubuhi anafunga mlango akiamini nyumba imetakata. Ingia baada ya robo saa, funga madirisha ili kuwe giza, washa tochi na uielekeze ukutani. Utaona kwenye mwanga kwamba nusu ya kazi yake bado inaelea, inasubiri atakayekuja kukaa humo kutwa nzima akipima na kuandika.

Mwongozo huu ni kwa wenye depo, karakana za mbao, nyumba za wageni, makanisa na ofisi za Hombo, pande zote mbili za mto, na kwa wengine walio kwenye barabara ya Taifa namba 3 inayotoka Bukavu kupitia Bunyakiri kwenda Walikale. Walio Masisi nao watajikuta humu. Nazungumzia kifyonza vumbi cha pipa: mwili wa mviringo ulio juu ya magurudumu, mpira mrefu, fimbo, na mdomo unaoburuzwa sakafuni. Ukienda Goma au Bukavu ulizia aspirateri, utaonyeshwa za kila aina, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi kwa kazi.

Kwanza nimwondolee gharama asiyekihitaji. Kama sakafu yako ni ya udongo, hifadhi pesa yako. Mashine itafyonza sakafu yenyewe na haitamaliza. Kama una duka la chumba kimoja lenye saruji laini, ndoo ya maji na kitambaa vinakutosha. Kituo cha afya nacho kisidanganywe na mtu. Wodini hakufagiwi kukavu, hilo wauguzi wanalijua, na dawa yake ni kupangusa kwa maji na sabuni, kisha klorini pale inapotakiwa. Kifyonza cha kawaida wodini kinavuta vijidudu mbele na kuvipulizia nje kwa nyuma. Damu na matapishi havifyonzwi kamwe.

Wanaokihitaji kweli ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wenye mazulia na magodoro: kanisa lililotandika zulia madhabahuni, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi. Hawa wananunua mashine nyepesi. Wa pili ni maseremala na wenye misumeno ya umeme. Wa tatu ni wenye depo za kasiteriti na koltani, na hao ndio nitakaokaa nao zaidi, maana vumbi lao lina mambo mawili: linaua, na ni pesa.

Lijue vumbi lako kabla ya mashine

Vumbi la zulia ni nywele, nyuzi, ngozi na mchanga wa viatu. Linaudhi, lakini mashine yoyote nzuri yenye mfuko italimudu.

Vumbi la mbao ni jambo jingine. Mvule, ambao maseremala wanaupenda kwa sababu mchwa hawauli, una unga unaowasha ngozi na kuwapa watu wengine pumu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Miaka miwili baadaye, 1997, likaweka hapo hapo vumbi la silika, yaani unga wa mawe meupe ya kwatzi. Sasa angalia gunia la kasiteriti lililotoka machimboni. Kasiteriti haikai peke yake kwenye mwamba. Mara nyingi imeshikana na hiyo kwatzi. Kila gunia linapomwagwa, kupepetwa na kupakiwa tena, silika inapanda. Anayeivuta miaka mingi anapata ugonjwa wa mapafu unaoitwa silikosisi, usio na tiba, na mapafu yaliyoumia hivyo yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine. Koltani, ile inayotoka Rubaya kule Masisi, inaongeza lake: mara nyingi hubeba chembe za urani na thoriamu. Mionzi yake si ya kumtisha mtu anayepita karibu na gunia. Kuivuta kama vumbi kila siku ndiyo habari nyingine.

Ndiyo maana viwanda vimepanga mashine hizi kwa herufi. Tafuta kibandiko chenye L, M au H kwenye mwili wa mashine. Ya L inaruhusu chini ya asilimia 1 ya vumbi kupita. Hiyo ni ya vumbi la kawaida. Ya M inaruhusu chini ya asilimia 0.1, hiyo ni ya mbao ngumu, saruji na silika. Ya H inaruhusu chini ya asilimia 0.005, kwa vumbi la hatari kuliko yote, kama asbesto. Seremala anunue M. Mwenye depo ya kasiteriti asishuke chini ya M, na anayeshika koltani kila siku, pesa ikimruhusu, aende H.

Muuzaji atakuambia, "Mama, hii ni ya viwanda, ona ilivyo kubwa." Ukubwa wa pipa hausemi chochote kuhusu kinachotoka nyuma. Na neno HEPA likiwa limeandikwa kwenye boksi tu halitoshi. Filta ya HEPA ya kweli, kwa kipimo cha Marekani, inakamata asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3, na za Ulaya zina alama H13 au H14 iliyochapwa kwenye filta yenyewe. Lakini hata filta nzuri ikiwekwa kwenye mashine yenye raba iliyolegea pembeni, hewa itapita pembeni. Herufi M au H inahusu mashine nzima, pamoja na viungo vyake. Alama ya filta inahusu filta peke yake. Wauzaji wengi hawatofautishi hivyo viwili, na sitasema wote wanafanya kwa kutojua.

Kibati cha nyuma

Geuza mashine usome kibati kilichobandikwa nyuma au chini. Kitu cha kwanza ni volti. Kongo tunatumia volti 220 na hezi 50. Mashine iliyoandikwa 110 au 120 itaungua siku ya kwanza ukiichomeka moja kwa moja. Hapa kuna mtego mahsusi kwa wanaonunua mitumba ya Ulaya. Mashine nyingi nzuri za M zilizotumika Uingereza zilikuwa kwenye ujenzi, na kule ujenzi unatumia volti 110 kwa usalama. Utazitambua kwa plagi ya njano, nene, ya mviringo. Bei itakuvutia. Ukiinunua, nunua na transfoma yake inayobeba wati zote za mashine, la sivyo iache pale pale.

Plagi ya pini tatu za mraba haina ubaya. Ndiyo inayotumika Uganda, Kenya, Tanzania na Dubai, na mizigo mingi inatufikia kwa njia hizo. Volti yake ni karibu na yetu. Mwambie fundi abadilishe plagi, usitegemee adapta ya kushikizia, maana ikilegea inawaka.

Cha pili ni wati, na hapa watu wanadanganyika. Wati ni umeme unaoliwa. Nguvu ya kufyonza ni namba nyingine. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, hauruhusu vifyonza vikavu vya kawaida kuzidi wati 900, na hoteli za huko bado zinasafishwa vizuri. Henry wa kampuni ya Numatic ya Uingereza, yule mwekundu mwenye sura iliyochorwa macho na tabasamu, aliyeanza kuuzwa mwaka 1981, ana wati 620 tu na yuko kwenye maofisi ya nusu ya dunia. Kwa kanisa au nyumba ya wageni ya Hombo ningemchagua yeye au mwenzake wa aina hiyo. Kwa depo hapana. Henry wa kawaida si wa M.

Namba za kutazama ni mbili: mvuto, unaoandikwa kwa kilopaskali au milibari, na wingi wa hewa, unaoandikwa kwa lita kwa sekunde. Mashine ya kazi yenye mota moja huwa na mvuto wa karibu kilopaskali 20 hadi 25, sawa na milibari 200 hadi 250, na hewa ya lita 40 hadi 70 kwa sekunde. Mvuto ndio unaoinua kitu kizito, na hewa ndiyo inayobeba kingi chepesi. Seremala anataka hewa nyingi na mpira mpana. Mwenye kasiteriti anataka mvuto.

Umeme utoke wapi

Goma ina umeme wa maji wa Virunga na mitandao mingine. Ukiwa Hombo, hesabu ianzie kwenye jenereta, au grupu kama tunavyoiita, ama kwenye sola.

Jenereta ndogo ile ya kubebwa kwa mkono mmoja, inayochanganyiwa mafuta na oili, haiwezi kubeba mashine ya wati 1200. Mota ya kifyonza inapowaka huvuta, kwa muda mfupi sana, mara mbili hadi tatu ya wati zake. Jenereta itakohoa, volti itashuka, mota itapata joto bila kuzunguka vizuri, na baada ya wiki kadhaa utalaumu kifyonza. Kwa mashine ya wati 1200 tafuta jenereta ya kVA 2.5 hadi 3. Zidisha kVA kwa 0.8 upate kilowati, kisha punguza tena kidogo, kwa sababu namba zinazopakwa rangi ubavuni mwa jenereta za bei rahisi zina ukarimu mwingi. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe kifyonza. Kuzima ni kinyume chake.

Kwa sola, piga hesabu hii kabla hujashawishika. Wati 1200 kupitia inveta kwenye betri ya volti 12 ni karibu ampea 110. Betri ya asidi ya Ah 200 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 100. Hiyo ni chini ya saa moja, na betri inayotolewa kwa kasi hiyo hutoa pungufu zaidi. Mashine ya wati 620 itakupa karibu mara mbili ya muda huo. Kwa usafi wa kanisa wa nusu saa inawezekana. Kwa depo ya kila siku betri zitakufa mapema. Inveta iwe ya mawimbi safi, hasa kama kifyonza kina kitufe cha kupunguza kasi, maana hicho ni elektroniki na inveta duni hukiua.

Waya wa kurefushia, ralonji, uwe wa milimita za mraba 1.5 kwa mita ishirini na 2.5 kwa zaidi ya hapo. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote hata kama unahitaji mita tatu tu. Waya uliojikunja ukibeba umeme mwingi unapata joto katikati, pale usipopaona, hadi plastiki inayeyuka.

Jaribu dukani

Usinunue mashine ambayo hukuiwasha. Hata ikiwa mpya ndani ya boksi, omba iwashwe: "Papa, washa tuone." Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja. Sauti ya mota inapaswa kupanda, na kiganja kivutwe kwa nguvu. Kama sauti haibadiliki, kuna hewa inayoingia kwingine: mpira umepasuka, mfuniko haujashika, au raba ya pipa imekwisha. Pitisha mkono taratibu kwenye viungo vyote ukisikiliza mluzi.

Halafu chukua kiganja cha unga wa muhogo, uliokauka vizuri. Funika tundu la kutolea hewa kwa kitambaa cheusi chenye unyevu kidogo, mwaga unga sakafuni, ufyonze. Tazama kitambaa. Kikiwa na weupe, hata hafifu kama pumzi kwenye kioo, rudisha mashine. Unga wa muhogo ni mkubwa kuliko silika inayoua. Kama unga umepita, silika haitazuiliwa. Kitambaa kikitoka cheusi, hilo si cheti cha M, lakini angalau umewaondoa waongo wakubwa.

Kwa mtumba, ongeza haya. Zima mashine, sikiliza mota ikisimama yenyewe. Ikikwaruza, beringi zimechoka. Chungulia kwenye matundu ya kupoozea mota wakati inazunguka: cheche ndogo za bluu kwenye brashi za kaboni ni za kawaida, duara la moto wa njano si la kawaida. Brashi hizo hubadilishwa kwa bei ndogo, fundi wa mota za grainda anaziweza. Koili iliyoungua ina harufu yake, na hakuna manukato yanayoifuta.

Tazama pia magurudumu. Vijigurudumu vidogo vya plastiki vimetengenezwa kwa marumaru ya hoteli. Kwenye saruji yenye mashimo na vizingiti vya mbao, chagua mashine yenye magurudumu makubwa nyuma. Na kwa kuwa huenda itakuja kwa pikipiki, vua mpira na fimbo vifungwe mbali, pipa lisimamishwe wima, lisiegemee kichwa cha mota. Barabara ya kupitia mbuga ya Kahuzi-Biega wakati wa mvua inatikisa hata vilivyofungwa kiwandani.

Kazini

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza kifyonza kikubwa kiasi kwamba kilivutwa na farasi. Kiliegeshwa barabarani, injini ikinguruma, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani hadi ndani ya nyumba. Watu walicheka. Lakini kulikuwa na busara ambayo depo ya leo inaweza kuiiga: hewa chafu ilibaki nje. Acha pipa lako nje ya mlango, mahali pakavu, upepo ukipeleka mbali na watu, na ingiza mpira tu. Mpira wa mita tano au sita unatosha chumba cha kawaida. Hata filta ikiwa na kasoro, kinachovuja hakirudi kwa anayefanya kazi. Hili halimsamehe mtu kununua mashine mbovu, ila linapunguza madhara ya ile uliyo nayo tayari.

Fyonza kutoka juu kwenda chini: kenchi na mbao za juu kwanza, kisha ukuta, kisha mizani na meza, mwisho sakafu, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mdomo uusogeze polepole. Anayeusugua haraka mbele na nyuma kama anayepiga pasi anatoka jasho na kuacha vumbi.

Kwa depo, tengeneza au nunua pipa la kutangulia. Ni ndoo yenye mfuniko unaobana na koni juu yake. Mpira wa kwanza unatoka sakafuni hadi kwenye koni, wa pili unatoka kwenye koni hadi kwenye mashine. Hewa inazunguka ndani ya koni kama kimbunga, vizito vinaanguka ndooni, na kinachobaki kwenda kwenye filta ni unga mwembamba tu. Faida yake ya kwanza ni kwamba filta inaishi muda mrefu zaidi. Ya pili mwenye depo ataielewa bila kuelezwa: kasiteriti iliyomwagika imo ndooni, kavu, haijachanganyika na nyuzi za mifuko. Iliyokuwa ikifagiliwa uani na kuokotwa na watoto inarudi kwenye mizani. Nimeona watu wakikataa kutoa pesa kwa ajili ya mapafu na wakakubali palepale kwa ajili ya ndoo hiyo. Haidhuru, mapafu yanalindwa kwa vyovyote vile.

Kumbuka tu uzito. Kasiteriti safi ina uzito wa karibu mara saba ya maji. Ndoo ya lita 10 iliyojaa kasiteriti iliyooshwa inaweza kupita kilo 30, na mpini wa ndoo ya plastiki haukuwekwa kwa mzigo huo. Mwaga ikifika robo.

Yapo yasiyofyonzwa hata siku moja. Zebaki ni ya kwanza. Wanaonunua dhahabu na kuichoma wanaijua, na ikidondoka sakafuni mtu anafikiria kifyonza. Mota ina joto na upepo. Itaigeuza mvuke na kuusambaza chumba kizima, na mashine itabaki na sumu hadi itupwe. Ya pili ni majivu na makaa ya mbabula, hata yakionekana yamezimika, kwani hewa inayapuliza na mfuko unawaka ndani ya pipa. Ya tatu ni petroli na nguo zilizolowa petroli. Ya nne ni hewa ya mashine ya kusaga unga wakati inafanya kazi: unga wa mahindi au muhogo ukijaa hewani kwa wingi unalipuka kwa cheche, na mota ya kawaida ina cheche kila sekunde. Zima kinu, acha unga utulie chini, kisha fyonza ulioko sakafuni.

Maji na matope yanahitaji mashine iliyoandikwa kwamba inafyonza vyote, vikavu na vya majimaji. Hata hiyo, kabla ya kufyonza maji, toa mfuko na filta ya karatasi, na uirudishe siku mashine imekauka kabisa. Hombo ni msituni, unyevu haukosekani. Filta ya karatasi ikifungiwa na unyevu siku tatu inaota ukungu, na asubuhi ya nne unaupuliza ukungu huo kwenye chumba cha mgeni aliyelipa. Mashine ilale mahali pa juu, mfuniko wazi, mpira umetundikwa.

Kumwaga

Hapa ndipo watu wanapovuta, kwa dakika mbili, vumbi ambalo mashine ililizuia wiki nzima. Mfuko ukifika robo tatu, utoe. Fanya nje, ukisimama upande upepo unakotokea, umevaa barakoa ya FFP2. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii silika. Ziba mdomo wa mfuko kabla ya kuuinua, uweke ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge. Usiutikise ili "utumike tena". Mfuko wa karatasi ni wa safari moja. Wa nyumba ya wageni, kama magodoro yalikuwa na kunguni, uchomwe siku hiyo hiyo, maana wadudu wamo hai.

Filta isipigwe ukutani wala kupulizwa na kompresa. Pigo na upepo vinatoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona, na kuanzia hapo una kelele bila usafi. Inayooshwa imeandikwa kwamba inaoshwa, isiyoandikwa haioshwi. Ile iliyooshwa inakaa kivulini hadi ikauke, hata ikichukua siku mbili. Kwa hiyo uwe nazo mbili, zipishane.

Mvuto ukipungua, usikimbilie filta mpya. Chomoa mpira na uangushe ndani yake sarafu au kokoto laini. Isipotoka upande wa pili, kuna kizibo. Kama mashine imezima yenyewe katikati ya kazi, ni kinga ya joto. Ipumzishe nusu saa, tafuta kizibo, ndipo uiwashe. Nyingi za M hulia kengele hewa ikipungua mpirani. Usikate waya wa kengele; ndiyo sehemu pekee ya mashine inayozungumza kwa niaba ya anayeitumia.

Depo moja ndogo haina sababu ya kubeba gharama hii peke yake. Tatu au nne zilizo mtaa mmoja zinaweza kununua M moja na jenereta moja, zikamlipa mtu mmoja anayeijua mashine, akazizungukia kwa zamu. Mashine yenye wamiliki wengi bila msimamizi hufa ndani ya mwezi, kwa hiyo jina la huyo mtu liandikwe kwenye mkataba na funguo awe nazo yeye. Wasioweza hata hivyo, wasirudi kwenye ufagio mkavu: lowanisha vumbi la mbao liwe na unyevu bila kutiririka, litawanye sakafuni, kisha fagia taratibu. Linabeba unga mwingi nalo badala ya kuurusha. Si sawa na M, lakini ni bure na linaanza kesho asubuhi.

Na kabla hujahesabu dola mbele ya muuzaji, muulize bei ya mifuko kumi na filta moja, na akuonyeshe zilipo rafuni. Barabara ikikatika, kwa matope au kwa bunduki, filta haifiki, nawe utajaribiwa kufyonza bila hiyo. Nunua za mwaka mzima siku hiyo hiyo. Kama hana hata moja, au anakuahidi zitakuja na mzigo ujao, mshukuru, uende duka jingine.